Vina vya Kingereza vikigoma: uanze kuangalia wapi

Kila wiki lazima mtu anitumie vois noti kwa wasapu, saa zingine ni saa sita usiku, "buda hebu sikiza hii mistari, kuna mahali haikai poa na sioni ni wapi". Wengi ni vijana wa rap wa hapa Nakuru, kuna wa kwaya Kisumu na Kakamega wanaoandika gospo ya Kingereza, kuna walimu wa chekechea wanatafuta vijishairi vya watoto, na mwezi uliopita kulikuwa na mama wa Bungoma ameandika shairi la kusomea binti yake siku ya harusi. Watu ni tofauti lakini shida ni zile zile, zinazunguka tu kama matatu za Kondele. So nimeziandika hapa moja moja, sababu ya kawaida ikitangulia na ile ya nadra ikikuja nyuma, ndio ukikwama usiku uangalie hapa kwanza na mimi pia nilale.

Kabla hujagusa kitu

Kuna vipimo viwili vya kufanya kabla ya yote, na havitaki bando.

Cha kwanza, tafuta mahali neno linabeba uzito. Jifanye uko steji unaita abiria. Makanga wa Kisumu hasemi ki-su-mu zote sawasawa, anasema kiSUUUmu, anavuta hapo katikati, na wa Nakuru anavuta naKUUUru. Sasa fanya hivyo na neno la Kingereza. "Tonight" utavuta NAAIT. "Remember" utavuta MEEM. "Beautiful" utavuta BYUU hapo mwanzo kabisa. Hapo unapovuta ndipo mkazo ulipo.

Cha pili, kata kichwa. Toa kila kitu kilicho mbele ya ile irabu umevuta, ubaki na irabu yenyewe mpaka mwisho wa neno. "Tonight" inabaki "ait". "Remember" inabaki "emba". Neno lingine ukilikata likabaki na kipande hicho hicho, na konsonanti iliyokatwa pale mbele ni tofauti, hao wanaraimu, yaani ni vina: "remember", "September", "November". Wakibaki na kitu tofauti hawaraimu, hata kama kwa karatasi wanafanana kama mapacha.

Nusu ya vois noti ninazopata zinaishia hapo tu. Zilizobaki ndio hizi.

Shida ya kwanza: mwisho wa maneno unafanana kabisa lakini bado haikai

Hii ndio kubwa na ndio nitakaa nayo, juu karibu sisi wote tumeingia Kingereza na masikio ya Kiswahili.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba unatafuta kina cha Kiswahili ndani ya Kingereza. Kumbuka tarbia venye tulifunzwa shule, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, na kina ni ile silabi ya mwisho. Malenga akimaliza mishororo yake na kamba, simba, chumba na shamba hakuna mtu atamuuliza kitu, kina chake ni "mba" na amefunga kazi. Irabu iliyotangulia iwe a, iwe i, iwe u, hio si shida ya mtu. Sasa chukua masikio hayo hayo uyapeleke kwa "number", "timber" na "chamber". Unasikia "mba, mba, mba" unafurahi. Lakini Kingereza hakianzi kuhesabu kwa silabi ya mwisho, kinaanza pale penye mkazo, na ukikata vichwa unabaki na "amba", "imba" na "eimba", vitu vitatu tofauti kabisa. Mwenzake "number" ni "slumber" au "lumber". "Chamber" maskini inabaki karibu peke yake.

Mfano unaoniumiza kichwa zaidi ni wa "shen". Watu wa gospo wanapenda sana "salvation", "devotion", "mission", "nation", wanazipanga nne kwa ubeti mmoja wakidhani zote ni kina kimoja. Hapana. "Salvation" iko na "nation", "foundation", "celebration", kipande chao ni "eishen". "Devotion" iko na "ocean", "motion", "emotion". "Mission" iko na "permission"... ah, hio tena ina shida nyingine nitaisema sahii, so weka "position" au "tradition". Hizo ni familia tatu, si moja.

Sababu ya pili ni kinyume chake. Umelinganisha kupita kiasi. Kiswahili kinataka konsonanti ifanane, Kingereza kinataka ile ya mbele ya mkazo IWE TOFAUTI. Ndio maana "leave" na "believe" zinasikika flati, mtu anafikiria umerudia neno. Zote ukizikata unapata "iiv" lakini zote zilikuwa na l hapo mbele. Hivyo hivyo "light" na "delight", "mission" na "permission", "holy" na "wholly". Sio kosa la kufungwa jela, kuna washairi wanafanya makusudi, ila masikio ya Kingereza hayapati ule mshtuko mdogo wa kitu kipya. Badilisha moja: "believe" na "receive", "achieve", "grieve". Kijana mmoja wa Kakamega aliraimisha Kakamega na "mega" akajiona mkali, nikamwambia hio ni m na m, tafuta kitu kama "Vega". Bungoma wana bahati, wako na "diploma", "aroma" na "coma".

Sababu ya tatu, ya nadra kidogo, umeweka mkazo mahali si pake. Kiswahili kinaweka mkazo kwa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila saa, na sisi tunabeba hio tabia. Kingereza hakina huruma hapo. "Desert" ile ya jangwa inavutwa mwanzo, "dessert" ya kula baada ya chakula inavutwa mwisho na inaraimu na "hurt". "Record" ya kitu iko mwanzo, "record" ya kitendo iko mwisho na ndio hio inaenda na "afford" na "reward". Wengi tunasema "character" tukivuta katikati, kumbe inavutwa mwanzo. Ukiwa na shaka, kamusi zinaweka kialama kidogo kama kiapostrofi mbele ya silabi yenye mkazo, na kamusi nyingi za mtandaoni ziko na kispika cha kubonyeza usikie.

Wapi uache: kama ni shairi la mashindano ama la mtihani na bado hujui mkazo uko wapi, usibahatishe, mtafute mwalimu wa Kingereza. Karatasi ya kwanza ya Kingereza ya KCSE iko na alama 60 na nusu yake, 30, ni stadi za kuongea na kusikiliza, na hapo ndio wanapenda kuuliza mpangilio wa vina, mkazo, na maneno yanayotamkwa sawa. Mwalimu atakuonyesha kwa dakika tano kitu utahangaika nacho wiki.

Shida ya pili: kwa karatasi inaraimu, mdomoni inakataa

Hapa sababu karibu kila mara ni moja, spelingi. Kiswahili kimetuharibu vizuri, unaandika venye unasikia na unasoma venye umeandika, so macho yetu yanaamini herufi. "Love" na "move" ziko na "ove" zote mbili, lakini moja ni "lav" na nyingine ni "muuv". "Bomb", "tomb" na "comb" ndio kichekesho kabisa, ya kwanza inaenda na "Tom", ya pili na "room", ya tatu na "home". "Weight" ni ya "late", "height" ni ya "kite". "Paid" ni ya "made" lakini "said" ni ya "bed". Na hio "ough" usiniulize, "though" ni ya "go", "through" ni ya "true", "rough" ni ya "stuff", "cough" ni ya "off", "bough" ni ya "cow".

Hii haikutoka kwa ujinga wa mtu. William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka wa 1476, spelingi zikaanza kushikana, na wakati huo huo irabu ndefu za Kingereza zilikuwa katikati ya kuhama, safari ya karibu miaka 300. Spelingi zikabaki steji, matamshi yakaenda na gari.

Dawa yake ni rahisi na sisi ndio tuko mbele ya Waingereza hapo. Usiandike neno kwa Kingereza unapotafuta kina. Liandike kwa herufi za Kiswahili kama vile linasikika: lav, muuv, tuum, hait, weit. Uongo wote unaonekana hapo hapo. Mimi kwa daftari yangu upande wa kushoto ni mistari, upande wa kulia ni hayo matamshi, na watu wakiona hudhani ni Kijerumani.

Kuna sababu ya pili ya nadra, na hii hupata watu wa kanisa. Umekuta "love" na "move" kwa kitabu cha nyimbo za zamani, so unajua ni sawa. Ni kweli ziko, kuna jozi zilikuwa zinasikika sawa ama karibu sawa enzi hizo, na zingine ziliachwa tu juu macho yalikubali, washairi walizoea hivyo. Ukiimba polepole na kinanda hakuna atakayelia. Lakini ukizitia kwa rap ya kasi mtu atasikia shimo. "Love" iko na "above", "glove", "dove" na "shove", basi, ndio maana kila wimbo wa mapenzi unaangalia juu mbinguni.

Shida ya tatu: kwangu inaraimu, kwa mtu mwingine hapana

Hapa ndio kuna vita na mimi niko na msimamo wangu, nitausema.

Sababu ya kwanza, irabu tano. Kiswahili kiko na a e i o u na Kingereza chetu cha Kenya kinabanana hapo hapo, wakati Kingereza cha Uingereza kiko na irabu kama ishirini ukihesabu zile mbili mbili. So "hat", "hut", "heart" na "hurt" kwa mdomo wangu ni kitu kimoja, "hat". "Sit" na "seat" moja. "Full" na "fool" moja. "Lord" na "God" zinaraimu vizuri sana Nakuru, lakini Mmarekani anasikia r nzito kwa moja na hakuna r kwa nyingine. Na "word", ambayo inaonekana ni ndugu ya "lord", kumbe iko na "bird", "heard" na "third".

Kupima ni rahisi, chukua maneno yako mawili uangalie alama za matamshi kwa kamusi. Ile alama ya irabu yenye mkazo ikiwa tofauti, hio raimu ni ya Kenya, haijavuka mpaka.

Sababu ya pili ni konsonanti za mwisho, na hii nililipia. Miaka kadhaa iliyopita niliandikia duka moja tangazo la Kingereza, mstari wa kwanza ukaisha na "price" na wa pili na "surprise". Nilijiona. Bango likapigwa, likatundikwa, alafu mteja mmoja mwenye alikuwa amekaa ng'ambo akaniambia taratibu kwamba "price" inaisha na s na "surprise" inaisha na z, na kwa sikio lake ni kama kiatu na soksi ya mtu mwingine. Ilifaa niweke "price" na "twice" ama "nice". Mwenye duka hakujali hata kidogo, lakini mimi kila nikipita hapo nilikuwa naangalia upande ule mwingine wa barabara. Angalia pia wingi, s ya "cats" inasikika s lakini ya "dogs" inasikika z, so "dogs" haina undugu na "box". Na "ed" ya wakati uliopita, "walked" inaisha na t, "played" inaisha na d, na "wanted" ndio pekee hapo yenye "id" kamili.

Sababu ya tatu ni lugha ya nyumbani, kushrabu kwa jina lingine. Sicheki mtu hapa, nimekulia Nakuru kwa Wagikuyu na l na r zilinichezea mpaka fomu tuu, na mtu kama mimi "light" na "right" zinakuwa neno moja, raimu yote inakufa kifo cha "leave" na "believe". Marafiki zangu Wajaluo, Dholuo haina sh, so "fish" inaweza kuraimu na "miss" bila mtu kustuka. Kuna Wabukusu na Wakalenjin b na p zinawabadilishia viti, ama g na k, so "bag" na "back" zinakuwa kina. Jirekodi kwa simu, ngoja kesho yake asubuhi ndio usikize. Usiku huo huo sikio linasikia kile ulitaka kusema, asubuhi ndio linasikia kile ulisema.

Sasa msimamo. Kama unaimbia watu wa Nakuru, Kisumu, Kitale, na wote wanasema "hat" kwa hizo nne, "hurt" na "heart" ZINARAIMU. Raimu ni ya sikio la msikilizaji, na msikilizaji wako ni huyo amekaa hapo. Mwingereza wa kusini hatamki r kwa "car" na anaraimisha vile anataka, hakuna mtu anamwambia amekosea. Lakini kama kazi inaenda kwa mtihani, kwa mashindano ya kukariri shairi, ama kwa mteja wa ng'ambo, hapo unafuata kamusi yao bila kelele.

Wapi uache: kama kuna pesa ya mtu ndani, bango, tangazo la redio, kadi mia mbili za harusi, usichapishe kabla mtu wa lafudhi hio hajaisoma kwa sauti. Sio kuisoma kimya kimya kwa simu. Kwa sauti.

Shida ya nne: neno halina mwenzake

Kwanza hakikisha kweli halina, juu mara nyingi ni uvivu tu. Chukua kile kipande kimebaki ukikata kichwa, alafu kipitishe alfabeti yote, na usisahau zile konsonanti zinatembea mbili mbili ama tatu: bl, br, ch, dr, fl, fr, gl, gr, kl, kr, pl, pr, sh, sk, sl, sp, spr, st, str, th, thr, tr, tw. Na "ait" utapata "bite", "bright", "fight", "flight", "fright", "height", "kite", "plight", "quite", "sight", "spite", "tight", "white", "write" kabla chai ipoe. Watu wengi wanapitia b, d, f, g wanachoka, wanarudi na "night" na "light" kama kila mtu.

Sababu ya pili, neno ni kati ya yale yatima kweli. "Month" ni yatima. "Wolf" ni yatima. "Silver" iko na "chilver", kondoo jike mchanga, ambayo hakuna mtu hapa Njoro ama London ataijua. "Orange" ndio maarufu, iko na kilima kimoja Wales kinaitwa Blorenge na neno moja la mimea, basi. Hapo usipigane, uko na njia tatu. Ya rahisi ni kuhamisha hilo neno liingie katikati ya mstari na mwisho ukae neno lenye ndugu wengi. Hii inatibu karibu kila kitu na watu wanaikataa sijui ni kwa nini, ni kama wameapa.

Njia ya pili ni raimu ya karibu, irabu inabaki sawa alafu konsonanti za mwisho zinakuwa majirani tu, kama "month" na "once" ama "front". Rap yote ya leo inaishi hapo.

Njia ya tatu ni kujenga mwenzake kwa vipande, maneno mawili ama matatu yasikike kama moja. Eminem kwa mahojiano ya televisheni ya mwaka wa 2010 alionyesha "orange" inaweza kukaa na "door hinge", "storage" na "porridge", kwa kupinda matamshi kidogo tu. Sisi pia tunaweza. Kisumu haina neno la Kingereza la kuraimu nalo, lakini sema "presume you" haraka, ama "groom you", utaona inakaa. Nakuru ni rahisi, kuna "guru". Eldoret iko na "regret" na "forget", na mambo ya riadha "sweat" pia imekubali.

Shida ya tano: programu inanipea maneno ya ajabu

RhymeZone na wenzake ni wazuri na ni bure, mimi natumia. Lakini sababu ya kwanza ya shida ni kwamba nyingi ya hizi programu na orodha zimekaa Marekani. Kuna kamusi ya matamshi ya chuo cha Carnegie Mellon yenye zaidi ya maneno 134,000 na watu wengi wa programu hujengea juu yake, na hio ni matamshi ya Amerika Kaskazini. So utaambiwa "clerk" inaraimu na "jerk", na wewe tangu zamani unasema "klaak" kama Mwingereza, inaenda na "park". Utaambiwa herufi ya mwisho ni "zee", na sisi ni "zed". "Leisure" kwao iko karibu na "seizure", kwetu iko na "pleasure".

Sababu ya pili, inakupea neno ambalo hakuna binadamu hutumia. Sheria yangu ni hii, kama huwezi kulisema sokoni Kibuye bila kuulizwa "ati nini?", liache.

Ya tatu ni hawa AI wa kuchati. Wanaandika shairi zima kwa sekunde, lakini wanafanya kazi na vipande vya maandishi, hawasikii sauti, so saa zingine anakupea "love" na "move" akiapa ni raimu safi. Muulize maneno, sawa, alafu pima mwenyewe na kile kipimo cha kukata kichwa.

Shida ya sita: vina viko, lakini mstari unasikika umebebwa kwa mieleka

Umegeuza sentensi ndio neno lifike mwisho, "to church I go" na mambo kama hayo. Soma kama unaongea na fundi wa boda, kama haungemwambia hivyo, andika upya. Ikigoma mara tatu tupa hio jozi ya maneno yote, si neno moja.

Shida ya saba: mtoto hasikii raimu hata kidogo

Hii nimeiweka mwisho lakini usiipite, juu hapa hatuongelei nyimbo tena. Walimu wa PP2 na gredi wani ndio huniuliza, "nimeimba nao 'cat' na 'hat' muhula mzima na huyu mmoja hashiki".

Sababu ya kawaida, mtoto hajui Kingereza bado. Hayo maneno ni kelele tu kwake. Pima na lugha ya nyumbani ama Kiswahili: mwambie paka, taka, ndizi, ni gani si ndugu yao? Akipata, hana shida yoyote, mpe muda.

Ya pili, masikio. Maji nyuma ya ngoma ya sikio, uchafu umejaa sikioni, mafua yasiyoisha, mtoto anaongeza sauti ya tivii ama anageuza kichwa upande mmoja. Jaribu kumwita kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Usimwekee mafuta ya kupika wala pamba ya vijiti sikioni, hapo ndio watu wanaharibu. Kama anatoa usaha ama anashika sikio akilia, wacha huu mwongozo na uende hospitali siku hio hio, uombe pia apimwe kusikia.

Ya tatu, ya nadra lakini muhimu, anasikia vizuri, lugha anaijua, lakini hashiki sauti ndani ya maneno hata kwa Kiswahili, na herufi pia zinamgomea. Shida ya kusikia raimu inaweza kuwa ishara ya mapema ya disleksia, ule ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika. Sio uvivu, na kiboko hakitibu. Hapo mimi na wewe na RhymeZone hatuna kazi, kuna vituo vya kupima mahitaji ya watoto vinaitwa EARC, viko chini ya Wizara ya Elimu kwenye kaunti, uliza ofisi ya elimu ya kaunti yako kilicho karibu. Beba daftari zake za muhula huu na ule uliopita, karatasi ya kupimwa masikio kama unayo, na barua fupi ya mwalimu yenye mifano: neno aliloambiwa, na kile alichojibu.